Kikwazo si Kiingereza peke yake
Mwandishi mmoja anadai kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Tanzania wanafeli kwa sababu tu hawajui Kiingereza, lugha inayowapokea ghafla baada ya kufundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, utaratibu ulioanza mwaka 1967. Nimefundisha biolojia katika sekondari ya kata, nami naona dai hilo ni nusu ya ukweli. Nilipata kumwomba msichana aliyenakili ubao mzima kwa mwandiko wa kupendeza asome mstari wa mwisho aliouandika mwenyewe, akanyamaza. Nilipompa gazeti la Kiswahili, napo alikwama, akifuatisha herufi moja moja kwa kidole. Jirani yake, aliyezoea kumsomea bibi yake magazeti, alieleza usanisinuru, yaani jinsi mimea inavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa Kiswahili bila kusita, na kufikia muhula wa pili alikwisha kuyahamishia maelezo hayo kwenye Kiingereza, ingawa cha kuungaunga. Kiingereza nakitaka, maana mitihani ya masomo mengi ya sekondari hutungwa kwa lugha hiyo, lakini mtoto asiyejua kusoma anapoanzishiwa lugha ngeni anatwishwa mizigo miwili kwa mpigo. Walimu wenzangu wa darasa la tatu na la nne, huko kwenu kila mtoto husoma kwa sauti mara ngapi kwa wiki?