Bodigadi wa Shilingi Elfu Moja

Mwaka 2022, miezi miwili hivi kabla ya uchaguzi, binamu yangu alipigiwa simu akiwa jim hapa Nakuru. Mgombea mmoja alitaka vijana wanane wenye miili. Malipo shilingi elfu moja kwa siku, chakula cha mchana juu yake. Mafunzo yalichukua alasiri moja kwenye maegesho ya hoteli: simama hivi, kunja mikono mbele, usicheke. Wakagawiwa suti nyeusi na vile vidude vya sikioni vyenye waya wa kujipinda. Binamu aliufuata waya wake hadi mwisho, akakuta umeishia mfukoni. Haukuunganishwa na kitu.

Siku ya tatu, sokoni, mama mmoja alipenya umati akimwendea mheshimiwa. Binamu akamsukuma, mama akaangukia mafungu ya nyanya. Kumbe alikuja kudai pesa za viti na mahema yaliyokodiwa wiki iliyotangulia. Jioni mheshimiwa aliwaka, vijana wakafukuzwa, na zile elfu tatu za binamu hazijalipwa mpaka leo.

Kisa hiki kimetuchekesha sana nyumbani. Mimi siku hizi kinanikera. Tumeshikilia kwamba kumlinda mtu ni kazi ya misuli, ilhali ukiisoma historia ya kazi yenyewe, misuli haitajwi sana.

Waangalie Wamarekani. Abraham Lincoln alipopigwa risasi usiku wa 14 Aprili 1865, polisi aliyepangiwa kumlinda, John Parker, alikuwa ameondoka mahali pake. Mwaka huohuo idara ya Secret Service ikaanzishwa, tena kwa ajili ya kukamata watengenezaji wa pesa bandia! Akauawa James Garfield mwaka 1881, akauawa William McKinley mwaka 1901, ndipo idara hiyo ikakabidhiwa kazi ya kumlinda rais. Marais watatu kwanza, kisha akili.

Matunda yake yalionekana 30 Machi 1981, Ronald Reagan aliposhambuliwa nje ya hoteli jijini Washington. Mlinzi Tim McCarthy aligeuka kuitazama bastola, akajipanua, akapigwa risasi ya tumbo. Mwili wa mtu haufanyi hivyo wenyewe. Ukisikia mlio, unajikunja. Kujipanua ni kitu cha kurudiarudia mazoezini hadi woga uchoke. Lakini ninayemhusudu zaidi ni mwenzake, Jerry Parr, aliyemsukuma Reagan ndani ya gari. Gari lilikuwa linakimbilia Ikulu. Parr akampapasa rais mwilini, asione jeraha. Kisha akaona damu yenye povu mdomoni, akajua pafu limeguswa, akaamuru gari liende hospitali. Reagan akapona. Kilichomwokoa hapo ni ujuzi wa huduma ya kwanza, na binamu yangu hakufundishwa hata kufunga bandeji.

Sisi nasi tuna somo letu, na liko Kisumu. Tarehe 25 Oktoba 1969 Jomo Kenyatta alikwenda kufungua hospitali ambayo wengi bado wanaiita Russia. Tom Mboya, waziri mwenye asili ya upande huohuo, alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai, na msiba ulikuwa bado mbichi. Kenyatta na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, wakarushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wengi Kisumu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Siasa ina lawama yake pale, na siiondoi. Ila wale hawakuwa vijana wa kuokotwa jim. Walijua bunduki. Kumtoa mtu katikati ya watu wenye hasira bila kumwaga damu ni elimu nyingine kabisa.

Sheria tunayo. Ile ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi ilipitishwa mwaka 2016, ikaunda mamlaka ya PSRA, ikataka walinzi wafunzwe na wasajiliwe. Januari 2024 mamlaka hiyo ikatangaza mlinzi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi, na waajiri wakaja juu. Vyama pia vipo: KSIA na PSIA ni vya makampuni, na wafanyakazi wana chama chao cha kutetea mishahara. Ninachokitafuta mimi ni chama cha ufundi wenyewe, ambapo bodigadi wa zamani anamfundisha kijana, anampima, na akikosea anamnyang'anya cheti. Uingereza, tangu sheria yao ya mwaka 2001, imefika mahali ambapo huwezi kupata leseni ya kumlinda mtu bila kozi, na huduma ya kwanza ni sehemu yake. Huku Nakuru na Kisumu sijakutana na kitu cha namna hiyo. Kozi utazipata, za makampuni, za kukufundisha kufungua geti na kuandika namba za magari.

Na hatuwezi kusema hatujui namna ya kulea watu. Mji huu ulimlea Philip Waruinge, aliyeondoka Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na shaba, pamoja na tuzo ya Val Barker ya bondia mwenye ufundi kuliko wote. Wenye dhahabu waliachwa. Ndondi ina klabu, ina kocha anayejua umelala saa ngapi, na hakuna anayekuruhusu ulingoni kwa sababu tu una kifua. Mwenye kulinda roho ya mtu tunampokea kwa kifua hichohicho.

Binamu sasa ni soja wa duka kubwa mjini. Amesoma huduma ya kwanza kwa pesa zake mwenyewe. Juzi simu za uchaguzi wa 2027 zimeanza kuingia. Akamuuliza aliyempigia kama kuna gari la pili la akiba, na nani atatangulia kukagua uwanja kabla ya mheshimiwa kufika. Yule mtu alitaka kujua urefu wake tu, na kama ile suti bado anayo.