Tukuyu si mahali pa kuficha bati

Juzi nilikwenda kumjulia hali mama mdogo, Tukuyu. Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Nimekaa sebuleni kwake, nyumba haijatimiza hata mwaka, nasikia tone. Natazama juu: dari la jipsamu lina doa la rangi ya chai, pana kama ungo. Chini yake pamewekwa beseni. Mama mdogo akasema taratibu, "Mwanangu, nyumba ya nyasi ya bibi yako haikutuvujia hivi."

Iliniuma sana.

Nyumba yenyewe ni ya kuficha bati, mnazijua. Kuta zimepandishwa, bati limelazwa ndani, maji yote yanategemea gata moja na bomba moja. Majani ya mparachichi yakiziba bomba, maji yanaingia ndani. Tukuyu, wilayani Rungwe, inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka! Tunachukuaje ramani inayoifaa Dodoma tukaisimamisha chini ya mlima unaolala na mawingu? Na kabla ya msingi, mashine ya kijiko ilichonga mteremko mzima na mkuyu ukang'olewa. Sasa maji yote ya juu yanakuja ukutani.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya mianzi na udongo, katikati ya migomba iliyokata upepo. Paa lilisimama wima, upenu ukashuka hadi mtu mzima anainama kuingia. Chini ya upenu ule tulipukuchua maharage mchana kutwa, mvua ikimwagika hatua moja mbele yetu, na hakuna aliyelowa. Haya, moshi ulitutoa machozi na wadudu waliitafuna mianzi. Simwombi mtu arudi kwenye nyasi. Naomba upenu.

Wasanifu husifu Fallingwater, nyumba ya Frank Lloyd Wright iliyojengwa Pennsylvania miaka ya 1930 juu ya maporomoko ya maji, mwamba wa msituni ukaachwa utokeze sebuleni. Ni nzuri, sibishi. Lakini hata hiyo imevuja, na vibaraza vyake vya zege viliinama hadi vikaimarishwa mwaka 2002. Kupatana na msitu kunaanzia kwenye maji, kuyajua yanatoka wapi na yanapita wapi. Bibi alilijua hilo bila kushika kalamu.

Mvua ikikatika tunaezeka upya. Fundi ameshaanza kulalamika kwamba nyumba itaonekana ya kizamani. Mimi nataka upenu wa mita nzima upande wa migombani, penye nafasi ya kigoda cha mama mdogo na ungo wake wa maharage.