Kapu moja halimalizi wiki
Eti kapu la Krismasi linalogawiwa na familia moja ya wamishonari huku bara ya Malindi, unga kilo 2, maharagwe kilo 1 na mafuta nusu lita, linatosha nyumba wiki nzima? Hesabu haikubali. Nyumba ya watu saba husonga sima ya mchana na usiku kwa kilo 2 hizo, kesho yake pakiti tupu; wiki yataka kilo 12 hadi 14. Maharagwe makavu nayo hula kuni: hata yakilala majini usiku kucha, bado ni saa moja hadi mbili jikoni. Afadhali pojo au kunde, huiva upesi. Mafuta yapunguzwe, nazi zipo, waongeze chumvi, sukari na sabuni. Wakichinja mbuzi, kisu ashike Mwislamu, maana huku nyumba moja bibi ni Mwislamu na mjukuu huenda kanisani, na nyama isiyo halali hugawa sinia (wageni wengi hujua hili mbuzi akishalala chini). Nyama kilo 12 kwa mchele kilo 8 ni pilau ya watu kama 60. Na wasingoje tarehe 24: mvua za vuli zikichelewa kuisha, gari hunasa kwenye udongo mweusi. Kinachoharibu zaidi ni orodha ya wanaopewa. Akiiandika mtu mmoja, jamaa zake hutangulia, wajane wa pembezoni hukosa. Mlioko Marafa na Langobaya, kwenu orodha huandikwa na nani?