Samaki wa kupaka wa elfu 58, tui la boksi

Nina siku tano najiambia niache, hela imeshaenda, lakini kila nikikumbuka mama alivyokuwa anamgeuzageuza yule samaki kwa uma bila kusema neno, moyo unaniuma upya. Kwa hiyo naandika.

Mama katimiza miaka 65. Maisha yake yote ni Tanga, kahamia kwa dada Mbezi juzijuzi tu, na sijawahi kumuona hata siku moja amekaa mezani akasubiri chakula kije, hata kwenye harusi za watu utamkuta nyuma huko kwenye masufuria. Sasa mimi, dada na shemeji tukachanga, tukasema safari hii anakaa, anahudumiwa, hanyanyui hata kijiko. Tukachagua mgahawa mmoja Masaki, jina siweki. Unatazama bahari, na kwenye menyu kuna ukurasa mzima wa vyakula vya Pwani: pweza wa nazi, kuku wa kupaka, samaki wa kupaka, wali wa nazi. Ule ukurasa ndio ulionimaliza, nikasema hapa mama atajiona yuko kwao.

Tumefika mlangoni kijana kampokea mama kwa Kiingereza. Mtu mzima kajitanda mtandio wake, kavaa dera jipya kabisa la siku hiyo, halafu hakuna shikamoo. Mama kwa mazoea tu akajibu "marahaba mwanangu", kijana akashtuka, akainama, akasema shikamoo mama, tena kwa aibu mpaka nikamuonea huruma. Yule kijana ana adabu yake, kalelewa vizuri, ila kazini kaambiwa aiache nje.

Mama akaagiza samaki wa kupaka. Elfu 58, wali pembeni elfu 12. Tulisubiri saa nzima na zaidi.

Samaki akaja kwenye sahani pana nyeupe, kakaa katikati, rojo la njano limemwagwa juu yake na kuzunguka pembeni, na jani la giligilani. Mama akamtazama. Akachokoa kidogo, akaonja, akanyamaza, akaonja tena, halafu akaniambia polepole kana kwamba hataki kuniumiza: "Baba, hili tui la boksi. Na huyu samaki hajaona mkaa."

Jamani, jina lenyewe linasema kupaka! Waliotupa hili jina walitupa na maelekezo ya kazi. Samaki unamchanja, unampaka tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, ndimu na chumvi, unamwacha akae vionjo viingie, ndipo anakwenda kwenye mkaa. Huku nazi imekunwa kwa mbuzi, limekamuliwa tui la kwanza lile zito, linawekwa jikoni na bizari na ukwaju na pilipili, na hapo hutoki, unakoroga tu, kwa sababu ukiliacha lichemke lenyewe linakatika, mafuta huku maji huku, na hapo umeshaharibu. Likishakuwa zito unampaka samaki akiwa palepale juu ya moto, anakauka, unampaka tena, unamgeuza, unampaka tena, mpaka lile tui limshike kama ngozi ya pili na pembeni paanze kuungua kidogokidogo, na pale palipoungua ndipo watoto tulipokuwa tunagombania. Hii kazi inataka mtu asimame pale kwenye moshi na akili yake yote iwe pale. Mama aliifanya miaka arobaini kwa mkaa wa kupima. Halafu watu wenye jiko la mamilioni wanamkaanga samaki kwenye mafuta, wanachemsha tui la boksi na manjano, wanammwagia, wanamwita wa kupaka.

Kilichoniuma kuliko vyote kilikuwa meza ya jirani. Kuna bwana kaagiza steki, mhudumu kamuinamia kabisa, kamuuliza anataka iive vipi, iwe na damu kidogo au ikauke, mchuzi juu au pembeni, na ilipoletwa mpishi katoka jikoni na kofia yake kuja kumuuliza kama imekuwa anavyotaka. Vizuri sana, ndivyo inavyotakiwa mtu akilipa. Lakini mama yangu hakuulizwa kitu. Hakuulizwa ukwaju au ndimu, hakuulizwa pilipili kiasi gani, hakuulizwa samaki gani, changu, kolekole au nguru, menyu imeandika "samaki" basi. Mpishi alipita mezani kwetu akarudi zake jikoni. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kwenye lile jiko kuna chakula kinachohesabika ni ujuzi, cha kusomewa na kuulizwa, na kuna chakula cha kwetu ambacho wanaona yeyote anaweza kukipika, apewe yule wa chini kabisa, akimwage tu. Na bei wanaweka ileile! Tena wali wa nazi ulikuwa mkavu na ladha ya nazi haipo.

Nilimuita yule kijana, nikamuuliza kwa upole tui linatoka wapi. Akaenda jikoni, akarudi akasema ni la boksi, limeandikwa Thailand. Sina ugomvi na watu wa Thailand, wao wenyewe wanalipikia vizuri sana huko kwao. Lakini tuko Dar es Salaam, Bagamoyo ni hapo, Mafia kule minazi imejaa kisiwa kizima, Tanga alikotoka mama nazi zinadondoka. Feri yenyewe ni mwendo wa bodaboda, alfajiri samaki wanashuka wabichi wananing'inia kamba mdomoni. Unapitaje vyote hivyo ukaenda kufungua boksi?

Mama akamuuliza yule kijana, "Mwanangu, wewe huyu samaki umewahi kumla?" Akasema hapana mama, sisi tunapikiwa ugali na maharage nyuma. Anauza sahani ya elfu 58 hajawahi kuionja, atajuaje imeharibika, atamtetea vipi mteja kule jikoni? Mwenye mgahawa kama unasoma hapa, hilo nakuomba sana, waonjeshe vijana wako.

Najua gharama zipo, sikatai. Pango la Masaki si la Mbagala, kuna jenereta, kuna mishahara, serikali inachukua VAT yake asilimia 18, na ile bahari kweli inapendeza, upepo mzuri, mama aliufurahia. Nipo tayari kulipia upepo. Ila upepo haujamzuia mtu kukuna nazi.

Mengine sitaki kuyasema sana. Muziki juu mpaka mama anainama ili asikie, mwanga hafifu na samaki ana miba. Na bei zenyewe, tangu kanuni za 2025 zikataze kutaja bei kwa fedha za kigeni wameandika shilingi, lakini ukizisoma unaona kabisa ni dola zimebadilishwa tu. Bili ya watu wanne na asilimia 10 ya huduma juu ikafika 327,800. Nililipa yote, na yule kijana tukampa chake mkononi.

Mama akaomba samaki afungwe, kwake kutupa chakula ni dhambi. Kwenye gari hakulalamika hata kidogo, alitushukuru mmojammoja, akatuombea dua, na hiyo ndiyo iliyonitoa machozi, kwa sababu nilitaka ale vizuri siku moja bila kazi.

Tulipofika Mbezi akamtuma mtoto wa dada dukani, nazi mbili, buku jero kila moja. Tukamwambia mama pumzika, ni usiku. Akasema, "Samaki hana kosa." Akavua mtandio, akakaa kwenye mbuzi na dera lake jipya, dada akawasha mkaa uani, mimi nikapewa kifumbu nikamue. Akamfuta yule samaki lile rojo lote kwa maji ya moto na ndimu, akamuweka mkaani, akaanza kumpaka. Majirani wakachungulia kwa harufu. Tulikula saa sita kasoro, kwa mkono, kwenye sinia moja, na ndipo mama kwa mara ya kwanza siku ile akaomba aongezewe wali.