Nyumba imebaki tupu, kodi inaendelea: wiki 4 za mpangaji anayehamia makao ya wazee Uingereza

Mzee aliyekuwa akilipiwa kodi na halmashauri akishaamua kwamba harudi tena nyumbani, na kwamba makao ya wazee ndiyo kwake sasa, ruzuku ya kodi haikatwi siku hiyohiyo. Sheria ya Uingereza inairuhusu iendelee hadi wiki 4, kwa sharti kwamba bado anadaiwa kodi kule alikotoka na hakuwa na njia ya kuepuka deni hilo. Mara nyingi kinachomfunga ni notisi. Wiki hizo zikiisha, ruzuku imekwisha. Makao yenyewe hayalipiwi kwa fungu hili. Gharama zake zinashughulikiwa na idara ya ustawi ya halmashauri, kwa vipimo vingine kabisa vya kipato na akiba.

Wiki 4 zinatosha? Wenye kulinda bajeti wanasema zinatosha na kubaki. Familia zinazohangaika na funguo, makabati na karatasi zinasema hazitoshi hata kidogo. Nami naona pande zote mbili zinabishana juu ya urefu wa muda, ilhali kasoro kubwa iko pale muda unapoanza kuhesabiwa.

Ruzuku hii, ambayo barua za halmashauri huiita Housing Benefit, siku hizi ni ya wapangaji waliofikia umri wa pensheni zaidi kuliko watu wengine, kwa kuwa walio chini ya umri huo wengi wao wamehamishiwa Universal Credit, fao moja la serikali kuu lililounganisha mafao kadhaa. Msingi wake ni mmoja: unalipiwa nyumba unayoishi. Kisha zinakuja ruhusa za kutokuwepo kwa muda. Aliyelazwa hospitali anaweza kuendelea kulipiwa hadi wiki 52, mradi ana nia ya kurudi, nyumba haijapangishwa kwa mwingine, na hakuna dalili kwamba atakaa nje zaidi ya hapo. Anayeingia makao ya wazee kwa majaribio, ili aone kama patamfaa, anapewa hadi wiki 13, mradi anakusudia kurudi kwake pasipomfaa. Wiki hizo 13 nazo zinaingia ndani ya zile 52; aliyekwisha kukaa hospitali miezi mingi hawezi kuanza upya kana kwamba ametoka nyumbani jana.

Neno linalobeba mzigo wote hapo ni nia. Nia ya kurudi ikiwepo, ruzuku inaendelea. Ikikoma, hata kama ni wiki ya tatu ya majaribio, mpangilio wa wiki 13 umekwisha, na kinachobaki ni zile wiki 4 za kumalizia notisi. Kwa hiyo halmashauri hailazimiki kuuliza mzee amekaa huko siku ngapi tu, bali pia ni lini aliacha kutarajia kurudi. Jaribu kumuuliza hivyo mtu wa miaka 84 aliyevunjika nyonga, anayeamka asubuhi akiulizia paka wake na jioni akisema hapa napo si pabaya.

Wanaotetea kanuni ilivyo wana hoja nzito, wala si watu wasio na huruma. Kwanza, fedha ya umma inalipa mara mbili kwa kichwa kimoja. Mzee ambaye halmashauri inachangia gharama zake za matunzo tayari anapewa kitanda, chakula, umeme na joto ndani ya makao. Kuendelea kulipia nyumba nyingine yenye mapazia yaliyofungwa ni kulipia paa asilolala chini yake. Pili, kuna watu nje ya mlango. England ina kaya zipatazo milioni 1.3 kwenye orodha za kusubiri nyumba za halmashauri na mashirika ya nyumba. Nyumba ya chumba kimoja ya ghorofa ya chini, yenye vishikio bafuni, ndiyo hasa anayoisubiri mzee mwingine asiyeweza kupanda ngazi. Kila wiki inayokaa tupu ni wiki ya mtu huyo kubaki hospitali au kulala kwenye kochi la mwanawe. Tatu, kikomo kifupi kinamsukuma kila mtu afanye kazi yake. Wanaoshughulika na wapangaji wanajua kwamba pasipo tarehe, sanduku la mwisho halifungwi.

Historia nayo inawapa nguvu. Kabla ya Aprili 1993, serikali kuu ililipia watu makao ya wazee ya binafsi kupitia mfumo wa mafao, karibu bila mtu kupima kama kweli walihitaji kuwa huko, na matumizi yakapaa. Sheria ya mwaka 1990 kuhusu afya na matunzo katika jamii ndiyo iliyozikabidhi halmashauri jukumu la kupima mahitaji na kulipia. Toka hapo mstari ukawa bayana: ruzuku ya kodi kwa wapangaji, bajeti ya ustawi kwa walio kwenye makao. Mtu akikumbuka ulivyokuwa mchanganyiko ule, haoni ajabu kwamba mpaka unalindwa kwa ukali.

Lakini hebu tuishushe kanuni hii chini hadi kwa mtu. Mfano huu ni wa kubuni, ila hesabu zake ni za kawaida. Bibi anapanga kwa shirika la nyumba kwa pauni 110 kwa wiki, na kodi yote inalipwa na ruzuku. Anapata ugonjwa wa kusahau, anaingia makao ya wazee, na kikao cha wanaohusika na matunzo yake kinaamua kwa maslahi yake kwamba abaki huko. Kuanzia hapo pensheni yake karibu yote inakwenda kuchangia makao. Anachoachiwa mkononi, kwa mwaka wa fedha 2025/26 huko England, ni pauni 30.65 kwa wiki za kununulia sabuni, soksi, kadi ya simu na kunyolewa nywele. Wiki 4 zikipita, kodi ya pauni 110 inaanza kumlia deni. Akitoa pauni 30.65 zake zote, asinunue hata dawa ya meno, bado anaongeza deni la pauni 79.35 kila wiki.

Basi si atoe notisi, utasema. Nani aitoe? Bibi hana tena uwezo wa kisheria wa kujiamulia jambo hilo. Kijana wake anapokea mafao kwa niaba yake, kwa kibali cha wizara inayohusika na kazi na pensheni, na anadhani kibali hicho kinamtosha. Hakimtoshi, kinahusu mafao tu, hakimpi mamlaka ya kuvunja mkataba wa upangaji. Kama bibi alisaini hati ya uwakilishi wa mali na fedha alipokuwa na akili timamu, na hati hiyo imesajiliwa, mwana anaandika notisi leo na mambo yanakwenda. Kama hakusaini, njia sahihi ni kuomba amri ya Court of Protection, mahakama inayoshughulikia mambo ya wasio na uwezo wa kujiamulia, na maombi hayo ni ya miezi, si ya siku. Tuseme tangu uamuzi wa kubaki hadi mkataba kuvunjwa ni wiki 22. Ruzuku imelipia 4. Wiki 18 zilizobaki ni pauni 1,980, deni la mtu ambaye kila aliyemo kikaoni alikubaliana kwamba hawezi kuamua lolote.

Baadhi ya wenye nyumba hulegeza kamba, wakapokea funguo na barua ya mwanafamilia na kufunga faili. Ni ubinadamu, ila ni ubinadamu wa kubahatisha: mwenye nyumba wa mtaa wa pili anaweza kukataa, naye hatakuwa amevunja sheria.

Hapa ndipo linapoingia jambo ninaloliona gumu kulitetea. Mzee mwenye nyumba yake mwenyewe, akihamia makao ya wazee kwa kudumu kwa msaada wa halmashauri, thamani ya nyumba hiyo haihesabiwi katika wiki 12 za mwanzo pale anapopimwa uwezo wa kuchangia makao. Sheria inakiri kwamba mtu anahitaji kupumua: aamue kuuza, kupangisha, au kuingia mkataba wa kulipa gharama za makao baadaye. Akiwa na mume au mke anayeendelea kuishi humo, nyumba haihesabiwi kabisa. Ushuru wa nyumba unaotozwa na halmashauri (Council Tax, si kodi ya pango) nao hautozwi kwa nyumba iliyobaki tupu kwa sababu mwenyewe amehamia makao ya wazee, na msamaha huo hauna kikomo cha wiki 4 wala 12. Kwa hiyo serikali ileile, kwa tukio lilelile, inampa mwenye mali wiki 12 za kujipanga na kumpa mpangaji 4. Watetezi watajibu kwamba mambo haya hayafanani: kutohesabu nyumba si kulipa kodi ya nyumba. Ni kweli kihesabu. Lakini muda wa kujipanga unahitajika sawa kwa wote wawili, na kama kuna anayeuhitaji zaidi ni yule asiye na akiba ya kulipa gari la kubebea vyombo.

Ningekuwa na kalamu ya waziri, nisingeongeza wiki za wote. Mzee mwenye akili timamu, aliyejionea makao kwa mwezi mzima na kuamua kubaki, ana watoto wa kumsaidia na mwenye nyumba anayekubali notisi ya wiki 4, hana haja ya zaidi ya hizo. Kuzirefusha kwake ni kumnyima nyumba anayesubiri. Ningebadilisha tu pa kuanzia kuhesabu kwa wale wasioweza kutoa notisi wenyewe: wiki 4 zihesabiwe tangu siku anapopatikana mtu mwenye mamlaka ya kuitoa, na uwekwe ukomo, tuseme zile wiki 12 za wanaomiliki nyumba zao, ili asiyewasilisha maombi mahakamani asilipiwe uzembe. Najua mwenye bajeti atasema hilo ni kumlipia mwenye nyumba ucheleweshaji wa mahakama. Ndivyo. Ila leo ucheleweshaji huohuo unalipiwa na bibi mwenye pauni 30.65, na kati ya hao wawili namjua ni yupi aliye dhaifu.

Huku tukisubiri, kuna makosa mawili ya familia yanayotoka pande zilizopingana. Wapo wanaokimbilia kusafisha nyumba wiki ya pili ya majaribio: kitanda kinatolewa, friji inauzwa, funguo zinarudishwa. Hapo hata mzee akisema anataka kurudi, hana pa kurudi, na halmashauri ikiona nyumba tupu ina kila sababu ya kusema nia ilikwisha kukoma. Wengine hunyamaza, wakaacha ruzuku iendelee hali wanajua uamuzi ulishafanyika. Halmashauri ikigundua, na huwa inagundua kwa sababu idara ya ustawi ndiyo iliyoandika tarehe, fedha zilizozidi zinadaiwa zirudi. La busara ni kuandika: barua fupi kwa idara ya ruzuku ikisema mzee yuko kwenye majaribio tangu lini, na nyingine siku uamuzi unapofanyika, ikiambatana na nakala ya notisi. Ruzuku ikikatwa tarehe isiyo sahihi, kuna mwezi mmoja wa kuomba iangaliwe upya au kukata rufaa. Halmashauri pia ina hiari ya kumwachia mzee zaidi ya hizo pauni 30.65 mazingira yakidai hivyo. Haitaikumbuka hiari hiyo mpaka aombwe mtu, na aombwe kwa maandishi.

Kwa jamaa zetu wanaozungumza Kiswahili walioko huko niongeze moja, maana tumelelewa kuamini kwamba deni la mzazi ni deni la mtoto. Kwa sheria ya England malimbikizo ya kodi ni ya mpangaji. Mwana asiyesaini mkataba wala kuwa mdhamini hadaiwi, hata barua ikimfikia yeye. Akilipa, amelipa kwa heshima yake.

Mume au mke anayebaki kwenye nyumba yuko salama zaidi. Wawili hao wakitenganishwa na makao kwa kudumu, kila mmoja anahesabiwa peke yake, na aliyebaki anaweza kudai ruzuku kwa jina lake, hata kama mkataba ulikuwa wa mwenzake, iwapo analazimika kulipa ili aendelee kuishi humo. Asichelewe tu kuomba.

Kilichonifanya niandike haya sasa ni sheria mpya ya haki za wapangaji ya mwaka 2025. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026, mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi England anayetaka kuondoka anatakiwa kutoa notisi ya miezi 2, isipokuwa mwenye nyumba akubali muda mfupi zaidi. Sheria hiyo ilitungwa kumlinda mpangaji asifukuzwe ovyo, na kwa hilo naisifu. Lakini ruzuku inaishia wiki 4, notisi inakwenda karibu wiki 9, na aliyeko kitandani kwenye makao ya wazee ndiye anayedaiwa hizo 5 za kati, hata kama ana akili zake zote na aliandika notisi siku ileile aliyoamua. Wabunge walioweka miezi hiyo 2 wanapaswa kuulizwa kama mtu huyu aliwapitia akilini.