Joto la kadi ya grafiki: skripti iwe kengele au daftari?

Fundi mmoja wa Isevya anayetutengenezea mashine sisi wahariri wa video hapa Tabora anashikilia kwamba kuandika skripti (programu fupi ya amri) ya kufuatilia joto la kadi ya grafiki, ile inayochakata picha na video, ni kujisumbua. Kadi inajilinda yenyewe, anasema. Kinachotakiwa ni blowa, brashi na pesti mpya ya kupitisha joto. Msaidizi wake, kijana aliyeanza kutumia Linux akiwa chuoni, hakubali. Kwake, mashine isiyo na skripti ya kuua kazi pindi joto linapopita nyuzi 80 ni kama chungu kilichoachwa jikoni bila mtu. Nimewasikiliza wote wawili muda mrefu. Naona fundi ana haki kuhusu skripti ya kengele, yaani ya kuonya na kuua kazi, ila amekosea kuhusu skripti ya daftari, yaani ya kuweka rekodi.

Nianze na pale alipo sahihi. Kadi za NVIDIA na AMD zinatoka kiwandani zikiwa na ulinzi wake. Joto likikaribia kikomo, kadi hupunguza kasi na umeme inaoutumia. Likizidi hapo, hujizima. Kwa RTX 3060, NVIDIA imetaja kikomo cha nyuzi 93. Ulinzi huo unafanya kazi ndani ya kadi, papo kwa papo. Skripti inayoamshwa na cron, programu ya Linux ya kuendesha kazi kwa ratiba, haiwezi kushindana nao, kwa sababu cron huamka si zaidi ya mara moja kwa dakika, na kadi iliyobebeshwa kazi nzito inaweza kutoka nyuzi 45 hadi karibu 80 kabla dakika haijaisha. Kwa hiyo anayeandika skripti ili kadi isiungue anarudia kwa kuchelewa kazi ambayo tayari inafanyika. Tena anaweza kuua video ya sendofu iliyorenda kwa muda wa saa tatu, na mteja amekaa kwenye benchi anasubiri, ilhali kadi ingepunguza mwendo tu na kumaliza.

Kinachonitisha zaidi, hata hivyo, ni ukimya. Skripti nyingi za namna hii zina uti wa mgongo mmoja, unaosoma joto kwa nvidia-smi, amri ya NVIDIA ya kuulizia hali ya kadi:

joto=$(nvidia-smi --query-gpu=temperature.gpu --format=csv,noheader)
if [ "$joto" -gt 83 ]; then...

Draiva (programu inayounganisha kadi na mfumo) ikivurugika baada ya kusasisha keneli, kiini cha Linux, amri hiyo hairudishi namba, inarudisha maneno ya kosa. Sheli, programu inayotekeleza amri hizo, italalamika kwamba hiyo si namba, itachukulia sharti halijatimia, kisha itaendelea hadi mwisho kana kwamba hakuna kitu. Chini ya cron, malalamiko hayo hayaonekani popote mtu anapotazama. Tulikaa hivyo wiki nzima tukidhani mashine iko salama kwa kuwa hatukupata onyo. Kwa AMD mtego ni mwingine: faili la temp1_input, ambamo Linux huonyesha kipimo cha joto, hutoa joto kwa sehemu za elfu, 65000 ikiwa na maana ya nyuzi 65, na namba ya folda ya hwmon lilimo faili hilo inaweza kubadilika mashine ikiwashwa upya. Skripti iliyokuwa ikisoma kadi jana, leo inasoma kipimo cha prosesa bila mtu kujua. Ndiyo maana ni heri skripti itafute folda ambayo faili lake la name limeandikwa amdgpu, badala ya kukariri hwmon3.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo ninapoachana na fundi. Kadi inajilinda, kweli, lakini haikumbuki. Haina habari kwamba mwezi wa saba kazi hii hii iliifikisha nyuzi 68 na sasa ni 79. Haijui kama chumba kina baridi ya asubuhi ya kipupwe au joto la saa nane mchana wa mwezi wa kumi, mvua bado hazijaanza na bati linachoma. Nyuzi 79 za Oktoba huenda ni hewa ya chumbani tu. Nyuzi 79 za asubuhi ya Julai ni vumbi, feni iliyochoka au pesti iliyokauka. Namba ni ile ile, ugonjwa si ule ule. Tena Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani na hubeba joto kidogo pungufu, kwa hiyo vipimo vya mtu wa Dar es Salaam si kipimo chetu.

Fundi atasema nvidia-smi yenyewe inaweza kuandika rekodi. Inaweza:

nvidia-smi --query-gpu=timestamp,temperature.gpu,fan.speed,clocks.sm --format=csv -l 10 -f joto.csv

Mstari huo unatosha kuanzia, na safu yake ya mwisho, clocks.sm, yaani kasi ya kadi kwa megahezi, ndiyo muhimu kuliko zote. Kadi nyingi za NVIDIA hulenga kukaa karibu na nyuzi 83. Zikifika hapo hushusha megahezi ili zisipande zaidi, na anayetazama joto peke yake ataona 83, 83, 83 na kuridhika. Ni megahezi zinazosema kwamba kadi inahema.

Skripti inaongeza kile ambacho kadi haikijui: jina la kazi inayorenda, joto la chumba kutoka kwenye kipimajoto cha ukutani, na tarehe ya kupuliza vumbi. Ukitoa joto la chumba kwenye joto la kadi, kwa kazi ile ile, unapata tofauti inayoaminika. Baada ya blowa, tofauti ikirudi ilipokuwa, lilikuwa vumbi. Isiporudi, angalia feni na pesti. Hapo mteja wa fundi halipii pesti asiyoihitaji, na fundi mwenyewe hafungui kadi bila sababu.

Kengele ningebakiza moja tu: ilie pale namba inapokosekana kwa dakika mbili. Na mstari wa msaidizi unaoua kazi ningeubadilisha uwe sudo nvidia-smi -pl, amri ya kuweka kikomo cha umeme wa kadi, pamoja na wati chache kuliko za kawaida, kwa kadi inayoruhusu. Video itachelewa kidogo, lakini itamalizika, na saa ya kupunguzwa wati iandikwe kwenye joto.csv pamoja na mengine.