Dada wa Kazi Asiongee na Watoto

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha wazazi katika shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar es Salaam, kwa niaba ya dada yangu aliyekuwa safarini. Kikao kilikwenda kama vinavyokwenda vikao vyote vya aina hiyo: ada ya muhula ujao, sare mpya ya michezo inayopatikana kwa muuzaji mmoja tu, basi la Kimara linalochelewa. Kisha meneja wa shule akasimama, akatushukuru kwa ushirikiano wetu, na kwa sauti ya daktari anayetoa masharti ya dawa akatuomba tupunguze mazungumzo kati ya watoto wetu na wasichana wetu wa kazi, kwa kuwa Kiswahili wanachokibeba watoto kutoka jikoni kinaharibu Kiingereza ambacho walimu wanahangaika kukijenga darasani. Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja alinyoosha mkono, nami nikadhani anataka kupinga, kumbe alitaka kujua kama katuni za Kiswahili nazo zizimwe.

Nilinyamaza, kwa sababu mtoto si wangu na ada siilipi mimi. Lakini jambo lile limekataa kuniondoka, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba yule meneja alisema wazi kile ambacho nyaraka zetu za elimu hukizunguka kwa lugha ya adabu: kwamba shule zetu, kuanzia kidato cha kwanza kwenda juu, humpa alama mtoto kwa kile alichokirithi nyumbani, kisha zikaiita alama hiyo akili.

Nyumbani kwa dada yangu kuna binti wa kazi kutoka Kondoa, mkoani Dodoma. Amemaliza kidato cha nne katika shule ya kata, yaani sekondari ya serikali ya eneo lao, na kupata sifuri, daraja la kufeli. Kaunta buku lake la Biolojia amekuja nalo mjini, na kwa kuwa kurasa za nyuma zilibaki tupu, huko ndiko anakoandika hesabu za soko: nyanya, vitunguu, mkaa, chenji iliyobaki. Siku moja nilifungua kurasa za mbele. Mwandiko ni safi kuliko wangu, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na kuna mchoro wa jani wenye mishale na majina ya sehemu zake, yote kwa Kiingereza. Nilimuuliza kuhusu usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Akanitajia fasili nzima, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma dua, bila kukosea hata kiunganishi. Nilipomuuliza maana yake akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Siku chache baadaye mpwa wangu alitaka kujua kwa nini ua lililohamishiwa koridoni limekuwa la njano, na nikamsikia binti yuleyule akimjibu kwamba jani ndilo jiko la mmea, jua ndio moto wake, na ua lile limekaa gizani na njaa. Mwalimu yeyote wa Biolojia angempa alama zake zote. Baraza la Mitihani halikuwahi kumsikia akisema hivyo, kwa sababu halikumuuliza kwa lugha ambayo angeweza kulijibu.

Sasa huyu ndiye tunayeambiwa asiongee na watoto.

Njia aliyopitia wengi mnaijua. Alisoma miaka saba kwa Kiswahili, ambacho kwake mwenyewe ni lugha ya pili baada ya Kirangi. Akafaulu, akapangiwa shule ya kata, akapewa wiki chache za kozi ya Kiingereza, kisha akaambiwa kuanzia sasa Jiografia, Historia, Fizikia na Uraia ni kwa Kiingereza. Mwalimu, ambaye naye amepitia njia hiyohiyo, anasoma notisi kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili mlango ukiwa umefungwa, kisha anaandika ubaoni kwa Kiingereza ili mkaguzi akipita asione aibu. Mwanafunzi ananakili. Mwaka unakwisha. Mpwa wangu, ambaye hajafika hata darasa la tano, atakapofika kidato cha kwanza atakutana na lugha aliyoanza kuimbiwa akiwa chekechea, na matokeo yatakapotoka tutasema mtoto wa fulani ana kichwa.

Wala haya si mapya, na hakuna mtu serikalini anayeweza kusema kwamba hajaambiwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa taarifa yake mwaka 1982 na kupendekeza kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili ifikapo mwaka 1985. Pendekezo hilo likaondolewa. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba wa kidato cha nne walio katika kiwango cha kuweza hata kuanza kusoma masomo mengine kwa lugha hiyo ni takribani mmoja kati ya kumi. Unaweza kudhani kwamba mganga aliyeona hivyo angeshauri dawa ibadilishwe. La hasha, walishauri iongezwe, na Uingereza ikagharamia mradi wa kuimarisha Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, tukashangilia. Toleo la 2023 la sera hiyohiyo likabakiza Kiingereza sekondari, tukanyamaza. Nasi tunaodai kukipenda Kiswahili tuna ustadi mkubwa wa kukipenda siku ya saba ya mwezi Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na kukipangia zamu ya jikoni siku nyingine zote.

Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri, sawa na takribani asilimia 60. Nchi ikatikisika, Waziri Mkuu akaunda tume, na hatimaye Baraza la Mawaziri likaagiza matokeo yafutwe na kupangwa upya, yakapangwa upya, na watu wakarudi kulala. Wakati ule redioni nilisikia kila maelezo: walimu hawana motisha, maabara hazipo, vijana wanashinda kwenye simu, wazazi hawafuatilii. Yote yana ukweli ndani yake. Lakini kundi lile lilikuwa na watoto wengi wa shule za kata, zilizojengwa kwa maelfu kati ya mwaka 2004 na miaka michache iliyofuata, kwa michango ya wananchi na kwa msukumo ambao siubezi hata kidogo, kwa kuwa bila hizo binti wa Kondoa asingekanyaga sekondari kabisa. Tuliwafungulia mlango, na ndani ya chumba tukaweka lugha ambayo hawakuwa nayo.

Kuna jambo moja ambalo nikilisema kwenye mazungumzo watu hunitazama kana kwamba wamelisikia kwa mara ya kwanza, ingawa kila mwalimu mkuu analijua. Mtihani wa kumaliza darasa la saba hutolewa kwa lugha mbili. Mtoto wa shule ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili hupewa karatasi ya Kiswahili, na mtoto wa mchepuo wa Kiingereza hupewa maswali yaleyale kwa Kiingereza. Hakuna aliyewahi kusema kwamba utaratibu huo unashusha hadhi ya mtihani, wala kwamba tafsiri ni kazi isiyowezekana, wala kwamba istilahi za Sayansi na Hisabati hazitoshi. Serikali imekiri, kwa vitendo, kwamba si haki kumpima mtoto kwa lugha asiyoitumia kufikiri. Kisha miaka minne baadaye, katika mtihani unaoamua nani ataendelea na kidato cha tano na nani atarudi kuuza vitunguu, kanuni hiyo ya haki inatoweka. Mtoto wa mwenye uwezo alipimwa kwa lugha yake akiwa darasa la saba na atapimwa kwa lugha yake akiwa kidato cha nne. Mtoto wa Kondoa alipewa haki hiyo mara moja tu. Wenye kuniambia kwamba mfumo wetu hautambui tabaka wanieleze hili kwa lugha yoyote wanayoiweza.

Najua nitakachojibiwa, kwa hiyo nikubali machache mapema ili tusipotezeane muda. Ni kweli kwamba Kiingereza kinahitajika, na mzazi anayejinyima ili kukinunua si mjinga. Dada yangu amehesabu vizuri, na katika nchi ilivyo leo ningekuwa na mtoto huenda ningehesabu kama yeye. Ni kweli pia kwamba tulipozuia shule za msingi za Kiingereza kwa Watanzania, wenye uwezo walivuka mpaka na kupeleka watoto Kenya na Uganda, hadi sera ya mwaka 1995 ilipofungua mlango wa ndani, na kwamba kuzifunga leo kungewarudisha barabarani tu. Na ni kweli, ingawa hili nalikubali kwa shingo upande, kwamba Kiswahili nacho si lugha ya kila nyumba. Kuna mtoto wa Kisukuma au Kidatoga ambaye darasa la kwanza kwake ni lugha ngeni kama vile kidato cha kwanza kilivyo kwa wengine, na sisi wa pwani huwa tunamcheka lafudhi kwa furaha ileile ambayo watoto wa mtaa wa kitajiri wa Masaki huwacheka wa Mbagala. Lakini hayo yote ni hoja za kufundisha Kiingereza vizuri kama somo, tena na mwalimu anayekijua. Hayawi hoja ya kumfundisha mtoto kemia kwa lugha ambayo mwalimu na mwanafunzi wote wanaifanyia mazoezi.

Wala lugha si peke yake inayorithiwa. Mtaala wa mwaka 2005 ulitaka mwanafunzi awe katikati ya somo, aulize, abishane, ajadili katika kikundi. Ni jambo jema, lakini waandishi wake sijui walikuwa wanamwazia mtoto wa nyumba ipi. Katika nyumba nyingi tulizokulia, mtoto mwenye adabu hamkazii mkubwa macho, hadakii mazungumzo, na akiulizwa hujibu kwa ufupi kisha hutoka nje. Mtoto huyo akifika darasani, ukimya aliofunzwa na bibi yake kama heshima husomwa na mkaguzi kama uzito wa akili. Mpwa wangu yeye huulizwa mezani anaonaje safari ya Morogoro, tupitie Chalinze mchana au usiku, na maoni yake husikilizwa kana kwamba yeye ndiye mwenye gari. Akiuliza maswali kumi darasani ataandikiwa kwenye ripoti kwamba anajiamini. Binti wa Kondoa aliniambia kwamba aliwahi kumuuliza mwalimu swali kwa Kiswahili akiwa kidato cha pili. Akaambiwa akae chini mpaka ajifunze kuuliza kwa Kiingereza, na wenzake wakamwita mjuaji kwa muda uliobaki wa muhula. Hakuuliza tena, na sidhani kama kuna mtu anayeweza kumlaumu.

Ya michango isiyoisha hata baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016, ya tuisheni, ya msichana anayechota maji kabla ya kutembea kilomita kadhaa kwenda shuleni, na ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka kumi na minane, ambayo bado inatuaibisha, kila moja inastahili makala yake.

Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1967 kwamba elimu tuliyoirithi ilikusudiwa kuwatenga wachache na wengi, na aliyajua anayoyasema, kwa kuwa yeye mwenyewe alipita Tabora, shule ambayo Waingereza waliianzisha kwa ajili ya watoto wa machifu. Baada ya uhuru shule kama hizo zilifunguliwa kwa watoto wa wakulima, na kwa muda fulani mtoto wa katibu mkuu na mtoto wa mchunga ng'ombe walilala bweni moja na kula maharage yaleyale yenye wadudu. Wazee wengi wanaoongoza taasisi zetu ni mazao ya mabweni hayo. Ningependa kuwasikia wakieleza ni lini waliamua kwamba wajukuu wao hawapaswi kuisikia sauti ya yule anayewapikia.

Sidai mapinduzi. Nadai kwamba Baraza la Mitihani lichapishe karatasi za kidato cha pili na cha nne kwa lugha mbili, swali la Kiingereza na chini yake swali la Kiswahili, na mwanafunzi ajibu kwa ile anayoiweza. Somo la Kiingereza libaki lilivyo na lipimwe kwa ukali wake wote. Watakaosema istilahi hazipo wapite maktaba yoyote ya chuo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo sasa ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilichapisha kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na tangu hapo wataalamu wake hawajalala. Watakaosema walimu hawawezi kufundisha kwa Kiswahili wapite nje ya dirisha la darasa lolote la shule ya kata wasikilize kinachosemwa humo hivi sasa. Ianze Biolojia peke yake, kidato cha pili peke yake, mkoa mmoja, hata Dodoma wenyewe, na alama zilinganishwe na za mwaka uliotangulia. Zikibaki palepale, watetezi wa utaratibu wa sasa watakuwa na ushahidi mkononi badala ya mazoea, nami nitaandika hapahapa kwamba wamenishinda.